Simu Mbili, Chaneli Moja

Huko Bofu, Likoni, ukimtafuta Bi Mwanakheri binti Mbwana hukuwa na haja ya kuuliza nyumba. Ulisimama njiani ukatega sikio. Alikuwa mpishi wa arusi, na miaka yote hiyo ya kupika nje, masufuria yakichemka, kuni zikipasuka na wanawake wakizungumza wote kwa pamoja, ilikuwa imempa sauti ambayo haikujua kushuka. Hata salamu zake za asubuhi ziliwafikia watu ambao hakuwasalimu, nao kwa adabu wakaitikia.

Pilau yake ilikuwa na jina kutoka kivukoni hadi Mtongwe. Wasaidizi wake waliruhusiwa kumenya, kuosha, kukuna na kubeba, lakini ulipofika wakati wa kupalia makaa juu ya kifuniko, aliwatawanya wote. Huyu alitumwa maji, yule alitumwa chumvi iliyokuwa pale pale miguuni pake. Wakirudi, sufuria imeshafunikwa, na Bi Mwanakheri amekaa juu ya kibao kando yake, uso umetulia kabisa. Alichokitia mle ndani katika ule muda mfupi, wenzake walikuwa wamekisaka tangu ujana wao bila kukipata.

Mwenyezi Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Faki. Baba yake alifariki akiwa karani wa bandari, akawaachia nyumba ya vyumba vitatu na laini ya simu, kitu ambacho wakati ule majirani wengi walikipangia foleni hadi wakasahau kama walikiomba. Faki alikulia kwenye moshi wa mama yake. Alichuchumaa karamu baada ya karamu akipuliza moto, macho mekundu, wenzake wakimpita na mpira. Alipobaleghe alisema neno moja, na Bi Mwanakheri alilisikia vizuri ingawa lilisemwa kwa sauti ndogo: maisha yake hatashika mwiko. Akaenda melini.

Kazi aliyopata ilikuwa ya kupaka mafuta kwenye chumba cha injini. Ni kazi ya heshima, nami siidharau. Lakini barua ya kwanza ilipofika Bofu na mama akawasomea majirani, yule mpakaji mafuta alikuwa amekuwa fundi msaidizi. Ya pili ilipofika alikuwa injinia. Bi Mwanakheri hakusema uongo hata kidogo, alivyoona yeye. Aliruka tu vidaraja vichache ambavyo mwanawe, kwa akili alizokuwa nazo, angevipanda mwenyewe baadaye. Basi mtaa ukamzoea kwa jina la Mama Injinia, naye akaitika.

Katika mwaka wa tisini na tatu, baharia mwenzake Faki alileta mzigo kutoka Dubai, na ndani yake mlikuwa na simu isiyo na waya, ile waliyoiita kodlesi. Kitako chake kilikaa mezani kikaungwa na laini ya ukutani. Kile kipande cha kushika mkononi ulikwenda nacho utakako. Faki aliichagua kwa sababu kila alipopiga, mama alikuwa uani kwenye moto, na mpaka amefuta mikono akaingia ndani, simu ilikuwa imekwisha kukata tamaa. Bi Mwanakheri alikipenda kipande kile kupita kiasi. Alikifunga kwenye kanga kiunoni, antena yake imemtokeza ubavuni, akakoroga ubwabwa wa watu huku akizungumza na Dubai. Wapo waliokwenda arusini kwa ajili ya bibi arusi, na wapo waliokwenda kumtazama Bi Mwanakheri na antena yake, ingawa simu yenyewe ikiwa mbali na kitako chake hivyo haikuweza kushika kitu. Hilo hakumwambia mtu.

Kisha ikaja Ijumaa moja ambayo sauti ya Faki ilikuwa ndogo.

"Mama, meli imeuzwa," alisema. "Sisi tumeshushwa sote."

"Inna lillahi. Basi rudi kwenu, mwanangu."

"Nirudi na nini? Nimepata kazi hapa. Kuna kambi ya wajenzi." Akashusha sauti zaidi. "Napika, mama. Nawapikia wajenzi."

Bi Mwanakheri alikaa chini pale pale uani, penye maganda ya vitunguu. Hakujua kama anataka kulia au kupiga vigelegele. Mtoto aliyeukimbia moshi wake akavuka bahari, moshi ulikuwa umemfuata mpaka huko ukamshika.

"Mama, usimwambie mtu," Faki akasema. "Wallahi nakuapia, watu wa Bofu wakijua kwamba ndio mimi n'nakoroga masufuria huku Arabuni, mimi sirudi tena. Nitazikwa huku huku."

"Hawatajua."

"Niapie."

Akamwapia. Halafu, baada ya kiapo kizito namna ile, Faki akakohoa na kuuliza kwa aibu: "Mama, kitunguu cha pilau hukaangwa mpaka kiwe vipi?"

Tangu siku hiyo kila Ijumaa alasiri, siku ya mapumziko ya kambi, Faki alipiga simu na mama yake akamfunza. Alimpa nyama na muda wake, mchele na maji yake, viazi na zamu yao. Mwisho akampa hata kile ambacho Likoni nzima ilikisaka: bizari nyembamba igawanywe mafungu mawili, moja lipondwe na kitunguu thomu mwanzoni, la pili likaangwe kavu, zima zima, linyunyizwe juu ya wali maji yakikauka, kisha ndipo upalie. Alimwambia kwa kunong'ona. Kwa Bi Mwanakheri, kunong'ona kulikuwa sawa na mtu mwingine anavyozungumza na mgeni, lakini alijitahidi.

Kwenye nyumba ya pili, waliyogawana nayo ukuta wa sebule, palihamia watu wa bara. Mume aliitwa Erastus, karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mtu wa kutoka alfajiri na kurudi jioni. Mkewe, Jerioth, alikuwa msichana wa Nyeri mwenye mtoto mchanga na tabasamu la haraka. Alisalimia vizuri, shikamoo yake haikukosekana, ila Kiswahili chake kilimfanya Bi Mwanakheri afumbe macho kama aliyetafuna mchanga. "Mama Faki, mimi iko na shida ya hiyo maji," angesema, na Bi Mwanakheri angejibu polepole, neno baada ya neno, kwa sauti ya juu zaidi, kama vile Nyeri iko upande wa pili wa uwanja.

Na hapo ndipo lilipokaa kosa lake. Bi Mwanakheri alikuwa mtu wa pwani kindakindaki, na katika hesabu yake, mtu asiyeweza kukisema Kiswahili sawasawa hawezi kukisikia pia. Angeweza kusema mbele ya Jerioth jambo lolote, huku Jerioth amesimama pale pale na karai la nguo, akatabasamu.

Ndiyo maana sauti zilipoanza kuingiliana kwenye simu yake hakutishika. Siku nyingine alibonyeza kitufe apige, akakuta mwanamke anazungumza lugha ya bara, kwa haraka na kwa huzuni. Siku nyingine simu yake ilikohoa mara moja ikanyamaza. Akadhani laini zimegongana huko mitamboni, jambo ambalo halikuwa geni kwa mtu yeyote mwenye simu. Hakujua kwamba Erastus naye alikuwa amenunua kodlesi kwa baharia, ili mkewe azungumze na mama yake bila kumwacha mtoto kitandani. Wala hakujua kwamba simu zile mbili, zilizotoka duka la aina moja huko Dubai, zilikuwa zinatumia njia moja ya hewani, kila moja ikiidhania ya mwenzake kuwa yake.

Alijua kwa pua.

Ilikuwa Jumapili mchana. Bi Mwanakheri alikuwa anaanika nguo wakati upepo ulipogeuka ukaleta harufu ya pilau. Alivuta pumzi kwanza kwa raha, kama mtu anayesikia jina lake likisifiwa. Kisha akaganda. Hakuwa amepika. Ile harufu ya bizari iliyokaangwa kavu, iliyokuja juu ya nyingine ikiwa imechelewa kidogo, ilikuwa yake, na ilikuwa inatoka kwa Jerioth.

Alichukua bakuli tupu, maana hakuna mwanamke wa pwani anayekwenda kuchungulia kwa jirani mikono mitupu, akabisha hodi. Jerioth akamkaribisha kwa furaha, akamtilia sahani kabla hajaomba.

Bi Mwanakheri akatia tonge kinywani, akatafuna taratibu. Ilikuwa imezidi chumvi kidogo, na nyama ingeweza kungoja. Zaidi ya hapo ilikuwa pilau yake mwenyewe, imekaa kwenye sahani ya mtu wa Nyeri.

"Nani alokufunza?" akauliza.

Jerioth akainamisha macho. "Nilijaribu tu, Mama."

Mtu hujaribu tu akapata mkate wa kumimina ulioungua. Hajaribu tu akapata mafungu mawili ya bizari. Bi Mwanakheri alirudi kwake na bakuli lile lile tupu, akakaa kitini akiitazama kodlesi mezani, na taratibu mambo yakamjia moja moja: kile kikohozi cha simu, ile lugha ya bara, zile Ijumaa zote. Pilau ilimuuma, siwezi kukuficha. Lakini haikumuuma muda mrefu, kwa sababu nyuma yake lilikuja jambo zito zaidi. Aliyesikia bizari alisikia na kambi ya wajenzi. Na Jerioth akimwambia mtu mmoja tu, Bofu itajua, na Faki atatimiza kiapo chake cha kutorudi, na yeye atazeeka akiwa na mtoto kwenye simu peke yake.

Asubuhi ya pili Jerioth alimsalimia kwenye ukuta wa uani kama kawaida. "Shikamoo, Mama Faki. Injinia hajambo?"

Salamu ile ile aliyoisikia mwaka mzima, siku hiyo ilimchoma kama sindano. Alimtazama usoni akitafuta kejeli. Hakuiona, na kutoiona kukamtia wasiwasi zaidi.

Basi ikaanza vita ya Bi Mwanakheri na hewa. Kwanza alilowesha blanketi akalitundika ukutani sebuleni, kwa hoja kwamba kitu kilicholowa hakipitishi sauti. Lilidondokea kochi siku mbili. Kisha akahamisha kitako cha simu, akakiweka juu ya friji karibu na televisheni, mbali kidogo na ule ukuta. Ijumaa hiyo Faki alisikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa linaloviringishwa. Ijumaa nyingine Bi Mwanakheri alizungumza kichwa chake kikiwa kabatini, kati ya magauni ya sikukuu, akatoka amelowa jasho na ananukia dawa ya nondo.

Mwishowe akagundua lugha ya siri, na hiyo kwa kweli ndiyo ilikuwa mbinu yake mbaya kuliko zote, japo alijiona hodari.

"Leo twazungumza injini," akamwambia Faki.

"Injini gani, mama?"

"Injini, mwanangu! Kazi yako! Chukua hizo boliti zako ulizozikatakata nyembamba. Uzikaange mpaka ziwe nyekundu."

Faki akarudia: "Boliti?"

"Boliti. Zile zitoazo machozi."

"Aa. Na... nyama je?"

"Usiitaje! Hiyo yaitwa chuma. Chuma kioshe, ukitie thomu na tangawizi, ukifunike. Ukiona mafuta ya injini yamejitenga, tia grisi nyeupe."

"Grisi nyeupe ndiyo nini, mama? Mtindi ama tui?"

"Ile nyeupe nzito! Hivi wewe u injinia wa namna gani?"

Upande wa pili wa ukuta kilisikika kitu kikianguka, kisha mtoto akalia, kisha kimya. Bi Mwanakheri hakulitilia maanani. Huko Dubai, wajenzi wa kambi nzima walikula chakula kilichotiwa tui mahali pa mtindi, na habari hizo zilifika Ijumaa iliyofuata pamoja na nyingine zilizokuwa mbaya zaidi. Katika kuhangaika na boliti, Faki alikuwa ameangusha karai la mafuta yanayochemka, yakamuunguza mguu kutoka gotini hadi kifundoni.

"Nambia ukweli," mama akasema, lugha ya siri yote imemtoka. "Waweza kusimama?"

"Bado. Wamenilaza. Daktari asema nisubiri wiki hii tuone kama mguu utaoza."

Alilia siku hiyo uani bila kujali nani anasikia. Halafu, kwa vile huzuni na hasira kwake zilikuwa zinakaa chumba kimoja, aliifunga simu ndani ya kanga akaenda nayo kwa fundi Katana.

Fundi Katana alikuwa na kibanda cha redio karibu na stendi ya Likoni, na ulimi ambao ungeweza kutengeneza redio wenyewe bila mikono. Bi Mwanakheri akamweleza blanketi, friji na kabati. Hakumweleza mengine.

"Mama yangu," Katana akasema, "wewe wapigana na ukuta, na ukuta hauna makosa. Hii simu inatangaza, kama stesheni. Ya jirani nayo inatangaza. Stesheni mbili zikikaa mahali pamoja kwenye redio, utasikia kasida na mpira kwa pamoja. Dawa yake ni kuhama. Hapa chini ya kitako pana kidude cha chaneli, unaona? Na kwenye kipande cha mkononi pana kingine. Vyote viwili vihame pamoja, la sivyo havitajuana."

"Nihamie wapi?"

"Pasipo na mtu. Lakini kwanza tujue jirani yuko wapi, usije ukamkimbia ukamkuta mbele."

Hilo halikumpendeza, lakini hapakuwa na njia nyingine. Katana akaja nyumbani, wakabisha hodi kwa Jerioth. Jerioth akatoa simu yake, wakaipindua, na kweli, namba ilikuwa ile ile. Fundi akawaeleza wote wawili kwa kirefu, na kwa furaha kubwa, jinsi walivyokuwa wakisikilizana. Bi Mwanakheri akatazama dari. Jerioth akatazama mtoto.

"Kwani ni lazima kubadilisha?" Jerioth akauliza taratibu.

"Lazima!" akasema Bi Mwanakheri, na kuku watatu wakakimbia uani.

Katana akaihamisha simu ya Bi Mwanakheri chaneli ya mbali kabisa. Kitako akakitoa juu ya friji, akisema friji na televisheni zina makelele yao ambayo masikio hayasikii lakini simu inasikia, akakipeleka chumba cha mwisho, upande usiopakana na mtu. Akamwambia asiivute antena yote kama hana haja, na akitaka maneno yake yasitembee, azungumze karibu na kitako badala ya kuzunguka uwanja mzima. Akajaribu. Laini ilitulia kama maji ya mtungini. Bi Mwanakheri hakusikia hata pumzi ya mtu mwingine humo.

Ijumaa ile Faki alipiga. Mguu haukuoza; ngozi ilikuwa imeanza kushika, na daktari alimruhusu kusimama. Bi Mwanakheri akashukuru Mungu, akataja kitunguu kwa jina lake, nyama kwa jina lake, na alipoweka simu chini alijiona amemlinda mwanawe. Ijumaa ya pili ikawa hivyo hivyo. Kitu kimoja tu hakukielewa, nacho ni kwamba Jerioth alikuwa amekonda uso. Alimsalimia ukutani, akasita, akafungua kinywa, akakifunga.

Ijumaa ya tatu, kabla ya alasiri, Jerioth alibisha hodi. Mtoto hakuwa naye. Alisimama mlangoni akisokota ncha ya leso yake.

"Mama Faki, utanisamehe," akasema. "Nimejikaza lakini imenishinda. Mguu ya Faki ilipona?"

Bi Mwanakheri alibaki ameshika mlango. Maneno yale alikuwa ameyaogopa kwa wiki nyingi, na alikuwa ametayarisha majibu yake yote: kukana, kufoka, kumfukuza. Lakini alikuwa ameyatayarishia kejeli, na aliyesimama mbele yake alikuwa na machozi.

"Tangu mmebadilisha hiyo chaneli sijui chochote," Jerioth akaendelea, maneno yakimtoka ovyo. "Mara ya mwisho daktari alisema pengine mguu itaoza. Mimi silali vizuri. Huko kanisani, siku ya akina mama, niliwaambia waombee kijana mmoja amechomeka na mafuta. Sikutaja jina, Mama. Hata Erastus hajui. Naapa."

"Umepona," Bi Mwanakheri akasema, kisha akajirekebisha kwa kuwa hakujua tena anasema nini. "Mguu. Yuwasimama sasa."

Jerioth akajifunika uso kwa mikono miwili akasema jambo kwa lugha ya kwao. Hili, Bi Mwanakheri alilielewa bila kufasiriwa.

Akamvuta ndani, akamkalisha. "Tangu lini wasikia?"

"Tangu tuhamie. Mara ya kwanza nilitaka kupigia mama yangu. Nikasikia wewe unamfunza mtoto kukaanga kitunguu. Nilijua ni vibaya, nilitaka kuweka chini. Lakini mama yangu ako mbali, na mimi huku sijui mtu, na hakuna mtu alikuwa ananiongelesha isipokuwa kwa kupiga kelele." Alipangusa pua. "Hapo kwa simu ulikuwa unaongea pole pole. Nikawa nangoja Ijumaa."

Bi Mwanakheri aliona haya. Sisemi alijihisi vibaya kidogo; aliona haya ya kumpasha moto masikio. Mwaka mzima alimpigia kelele binti huyu kama kiziwi, na kiziwi alikuwa yeye.

"Na mbona kila siku wan'uliza, injinia hajambo? Nawe wajua kila kitu?"

Jerioth akamtazama kana kwamba swali lenyewe halikuwa na maana. "Kwa sababu wewe ulitaka iwe hivyo."

Simu ikalia. Ilikuwa alasiri, na saa ile hakuna mwingine angepiga. Bi Mwanakheri aliitazama, akamtazama Jerioth, akainyanyua. Alipokwisha kuitika salamu, akasema, "Faki, mwanangu, hapa nimekaa na Jerioth, jirani yetu. Yuwajua."

"Yuwajua nini?"

"Yote. Kambi, sufuria, mguu. Mwaka mzima. Na hakumwambia mtu, hata mumewe."

Kimya kilichofuata kilikuwa safi kabisa. Fundi Katana angejivunia. Hapakuwa na mkwaruzo wala sauti ya tatu, na Bi Mwanakheri akasikia vizuri mno jinsi mwanawe anavyopumua. Akaogopa kwamba ndiyo basi, kwamba sasa ataweka simu chini asipige tena. Kwa kuwa hakujua la kufanya, akampa Jerioth kile kipande.

Jerioth akakishika kwa mikono miwili. "Halo? Kaka Faki?" akasema. "Pole kwa mguu. Na pole kwa zile boliti. Mimi siku hiyo nilicheka hadi nikaangusha bakuli."

Halafu kutoka kwenye simu ikatoka sauti ambayo Bi Mwanakheri hakuisikia tangu meli ilipouzwa. Faki alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na Jerioth, kwa adabu, akamrudishia mama simu yake.

"Mama," Faki akasema baada ya muda, "hakukucheka? Huyo mwanamke. Aliponijua, hakukucheka?"

"Alikuombea, baba. Kanisani kwao."

"Basi nitakuja," akasema.

Alikuja baada ya Ramadhani, siku ambayo mama yake alikuwa akipika karamu ya arusi pale pale Bofu, masufuria yamepangwa uwanjani na wanawake wa Likoni wamejaa. Alichechemea kidogo. Watu walimwona, ukapigwa ukelele, "Injinia! Injinia amefika!" na wazee wakanyanyuka kumpa mikono. Jerioth alikuwa kando ya moto akimenya viazi na wenzake. Akainamisha kichwa, akaendelea kumenya. Bi Mwanakheri akafungua kinywa chake kuwaambia watu wasimsonge mtoto, apumzike kwanza, mambo ya meli yatazungumzwa baadaye.

Faki hakungoja. Aliweka begi lake chini, akakunja mikono ya shati, akamkaribia mama yake akamwomba mwiko.

"Ah, injinia," akasema mzee mmoja, "hiyo kazi ya wanawake wa watu wacha, utachafua nguo."

"Mimi si injinia, mzee wangu," Faki akajibu, na sauti yake, iliyokuwa ndogo maisha yake yote, ilifika mpaka barabarani. "Sikuwa injinia hata siku moja. Mimi ni mpishi. Mamangu ndiye alonifunza."

Bi Mwanakheri alitaka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza Likoni ikasubiri sauti yake isiisikie. Akampa mwanawe mwiko. Kisha akalia mbele za watu wote, wala hakusingizia moshi.